Gari Lilizima Ndani ya Handaki

Kila asubuhi mume wangu, Chin-fu, humpeleka binti yetu Pei-shan shule kwa gari letu kuukuu. Mimi hushukia sokoni. Njia inapita kwenye handaki refu la mlimani, na malori ya saruji hayakosekani humo.

Siku moja ya mvua, injini ilikata ndani ya handaki. Taa za lori zikajaa kwenye kioo cha nyuma.

"Mama, linatuona?" Pei-shan aliuliza.

Nilimvuta kwangu. Lori lilipiga honi, likatupita karibu sana. Tulikaa kidogo, injini ikawaka tena.

Kwetu watu huweka pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi juu ya mashine, wakiamini kwamba mashine itatulia na haitaharibika. Yetu ilikuwa mbele ya usukani. Nilipotaja gereji, Chin-fu aliichukua akasoma tarehe.

"Muda wake umekwisha, mama Pei-shan. Ndiyo maana gari linazima."

Akanunua mpya. Gari likazima tena, safari hii darajani. Nikamwambia Chin-fu kwamba mtoto wangu hapandi tena gari hilo, nikamwita jirani yetu Siu-lan, ambaye ni fundi.

Siu-lan aliitazama pakiti, akamwambia Chin-fu: "Shemeji, hii inafaa kwa chai. Kushika spana haijui."

Alifungua kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi ili injini ipate cheche. Ndani kulikuwa na oili. Akatikisa shafti yake, yaani mhimili unaozunguka katikati, ikacheza kama jino linalotaka kung'oka. Alisema gari lililotembea sana huchakaa hapo, na likipata moto cheche hukatika. Kifuniko kipya peke yake hakingesaidia. Ilibidi kubadilisha distributa nzima.

Kwanza alichomoa waya wa betri. Akaweka alama pale rota, kile kipande kinachozunguka chini ya kifuniko, ilipoelekea, na namba kwenye kila waya wa plagi.

"Ukizichanganya hizi, halitawaka," alisema.

Akafunga distributa mpya na mpira mpya wa kuzuia oili. Mwisho akawasha injini, akarekebisha wakati wa cheche kwa taa maalumu.

Kesho yake mvua ilinyesha. Ndani ya handaki nilimbana Pei-shan mkono mpaka akalalamika. Injini haikukata. Tulipotokea kwenye mwanga, Pei-shan alifungua ile pakiti mpya akaanza kula, na baba yake akanyoosha mkono nyuma ili naye apewe.

Wewe mwenye gari la zamani, likianza kukata njiani, lipeleke likaguliwe siku hiyohiyo. Lori lililo nyuma yako halisomi tarehe ya pakiti.