Malkia Agoma Mara ya Nne

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, Jaji mstaafu aliketi nyuma ya usukani wa Malkia na kuzungusha ufunguo. Injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Ilikuwa mara ya nne ndani ya wiki sita. Kwa hasira akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, na pedali ikazama mpaka sakafuni. Alipochungulia chini ya gari, aliona mafuta ya breki yakitambaa kuelekea viatu vyake.

Malkia lilikuwa gari la kifahari la miaka thelathini na mmoja, jeusi, lenye viti vya ngozi, na refu kiasi kwamba mlango wa gereji ulifungika kwa kubembelezwa. Jaji alilipenda waziwazi, bila haya. Kwa hiyo hakufikiri mara mbili. Aliyeligusa mwisho ni fundi wake, Jumamosi saa kumi jioni. Ilipogonga saa mbili, Jaji alikuwa amesimama katikati ya karakana ya fundi huyo, mbele ya wateja, akimwita muuaji. Wateja watatu wakaondoa magari yao papo hapo. Jaji akarudi nyumbani, akaandika barua ya kwenda polisi, akaapa itafika kabla ya saa sita mchana. Kisha akapiga simu ofisi ya ukaguzi wa magari, kwa sababu barua bila muhuri haikumtosha.

Mkaguzi alifika saa nne kamili. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, aliyelala chini ya magari ya watu kwa miaka kumi na minane na bado aliifurahia kazi. Aliamini kwamba magari hayajui kudanganya, ila wenye magari ni mabingwa.

Fundi, aliyekuja kujitetea, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza ya Jaji, pande la mtu, amejikunyata utadhani amefiwa. Mikono yake ilikuwa na grisi isiyotoka kwa dawa yoyote, na ukuta alioushika wakati wa kuketi ulibaki na alama za vidole vitano vyeusi.

"Dada, nimejenga jina miaka ishirini," alimwambia mkaguzi. "Limebomoka leo kabla sijanywa chai."

Mkaguzi alimuuliza kuhusu zile mara tatu za mwanzo. Fundi akasema ndilo lililomtia wazimu: kila alipoitwa, gari liliwaka mara moja, kana kwamba linamwogopa. Liliwahi kuzima barabarani? Hata siku moja. Lilizima gerejini tu, asubuhi ambazo Jaji alitaka kuendesha mwenyewe kushuka kilima kwenda mjini. Mkaguzi aliandika hayo yote na kuyapigia mstari.

Ndani ya nyumba, mkwe wa Jaji hakusubiri kuulizwa. Alikiri kwamba gari hilo linamkera, na kwamba amekuwa akiililia ile gereji aifanye ofisi yake. Jaji akamkazia macho, na kwa dakika tano mkwe alikuwa amekalia kaa la moto. Mkaguzi akampeleka gerejini, akamwomba afungue boneti. Mkwe akavuta kitu chini ya usukani kwa kujiamini, na buti la nyuma likafunguka. Akajaribu tena, maji ya kusafishia kioo yakamrukia usoni. Mkaguzi alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akalikata jina lake kwenye orodha ya washukiwa.

Alipobaki peke yake, akaingia kazini. Mkanda wa kiti cha dereva haukufunga. Taa moja ya breki haikuwaka. Mpira wa breki wa gurudumu la mbele ulikuwa umepasuka, naye akaumulika kwa tochi kwa muda mrefu. Baada ya hapo akaingia kwenye injini, ambako kila kitu kilikuwa na vumbi, na kila alichogusa fundi kilikuwa na alama nyeusi. Kila kitu isipokuwa kimoja. Rilei ya pampu ya mafuta, kile kisanduku kidogo kinachopitisha umeme kwenda kwenye pampu, haikuwa mahali pake. Vishimo vyake vinne vilikuwa vinang'aa.

Mke wa Jaji alikuja na sinia la chai, akasema mkaguzi hawezi kufanya kazi kwa miwani chafu namna ile. Akaichukua, akaifuta kwa pamba iliyolowa spiriti, akamrudishia. Akahesabu vikombe kabla ya kumimina, akavihesabu tena alipomaliza. Mkaguzi alimuuliza, kwa kupitisha maneno tu, alikuwa akifanya kazi gani zamani. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, miaka thelathini na minne, na hakuna hata mkasi mmoja uliowahi kusahaulika ndani ya mgonjwa.

Saa tano na nusu mkaguzi aliwaita wote gerejini.

"Mzee, hakuna aliyekata breki zako," alianza. "Mpira uliokatwa kwa kisu una mdomo ulionyooka. Huu umechanika kama kisigino kikavu. Ulichoka kwa uzee, na ulipokanyaga pedali kwa hasira, mpira ukakata roho."

Akafungua kitabu cha matengenezo cha gari, akasoma kwa sauti. Mara tatu fundi alikuwa ameandika kwamba mpira wa breki ubadilishwe upesi. Mara tatu chini yake paliandikwa: Nimeona, tusubiri wa kiwandani. Na kila mara palikuwa na saini ya Jaji, ile ndefu yenye mkia. Mkaguzi akaongeza kwamba kiwanda hicho kiliacha kutengeneza mpira huo miaka tisa iliyopita. 

"Na injini?" Jaji aliuliza kwa sauti ndogo.

Mkaguzi akamgeukia mke wa Jaji. "Mama, fundi akigusa kitu anakichafua. Aliyekuwa akichomoa rilei, na kuirudisha kabla fundi hajafika, alikuwa anapasafisha kwanza."

"Kwa spiriti," mama akajibu bila kusita. Akatoa rilei kwenye mfuko wa gauni, imefungwa kwenye pamba nyeupe. "Siwezi kurudisha kitu kichafu ndani ya mwili, mwanangu. Hata wa gari."

"Wewe?" Jaji akasema.

"Mimi. Wiki saba zilizopita tulishuka kilima, pedali ikazama nikiwa nimekaa pembeni yako. Nilikuambia, ukasema gari la heshima lina breki laini. Mke humsikii, Baba. Fundi humsikii. Unasikia muhuri tu. Nikasema nitalizima mpaka upandwe na hasira umwite mwenye muhuri."

Sauti yake ikabadilika alipomgeukia fundi. Alidhani hasira zingeangukia gari, hakujua zingemwangukia mtu. Na asubuhi hiyo alikaa kimya akiogopa kwamba akisema mapema, mumewe angemzuia mkaguzi asije. Akamwomba msamaha huku machozi yakimtoka. Fundi akasema hana kinyongo na aliyemwokoa mteja wake, ila karakana yake sasa ni tupu.

 Jaji alitoa ile barua ya polisi mfukoni, akaichana vipande vinne. Kisha akatoka nje, na wengine wakamfuata kwa miguu, mkwe akiwa bado na shati bichi.

Karakanani Jaji alisimama palepale aliposimama asubuhi, akapaza sauti kuliko asubuhi.

"Nilimwita mtu huyu muuaji. Aliniandikia mara tatu kwamba breki zangu ni mbovu, nikasaini kwa kiburi. Mwenye kosa ni mimi. Fundi, nisamehe mbele ya hawa niliokuaibisha mbele yao."

 Fundi akampa mkono, na Jaji akaukamata kwa mikono miwili, grisi na yote. Ng'ambo ya barabara alikuwepo mmoja wa wale watatu walioondoa magari. Akaja akikuna kichwa, akauliza kama anaweza kulirudisha la kwake.

"Lirudishe," fundi akasema, furaha ikimjaa usoni. "Ila usiliendeshe. Na wewe breki nilikuandikia tangu mwezi wa pili."

Mteja akarudisha ufunguo mfukoni, akaanza kutafuta watu wa kulisukuma. Jaji akavua koti, akamkabidhi mkewe, akawa wa kwanza kumfuata.