Tangazo Kutoka Spika Iliyozimwa

Aliyetusimulia habari hii kwanza ni Edah, mkewe Mukhisa, Desemba 2006, tulipokuwa tukipukuchua mahindi kule kijijini Kwanza. Mwaka huo Mukhisa na rafikiye Levi walisafirisha vyombo vyao vya kupaza sauti kutoka Kitale hadi Bungoma, kwenye mkutano wa injili uwanjani. Phelista, mamake Levi, alikuja kumwona mwanawe akifanya kazi.

Mchana mawingu yalitanda hadi giza likaingia. Radi ilipopiga, Mukhisa alizima jenereta na kung'oa nyaya zote. Levi alipanda juu ya lori kufungua kamba za spika azishushe kabla hazijaloa. Watu walijibanza chini ya turubai, na hakikusikika kitu ila mvua.

Ndipo spika aliyoikumbatia Levi ikanguruma, ikasema kwa upole, "Jamaa ya malehemu Levi, sogeeni mbele."

Levi alicheka, maana ni Mukhisa aliyezoea kusema "malehemu".

"Acha mzaha, bana. Si umezima?"

"Nimezima. Si mimi," Mukhisa alijibu kutoka chini. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Phelista alitoka chini ya turubai, akatembea kwenye mvua hadi mbele ya lori, akasimama.

"Mama, mimi huyu hapa," Levi alimwita. Mama hakuinua uso.

Edah alifariki miaka mitatu baadaye. Mukhisa yu hai, na Phelista pia. Levi naye yu hai. Huenda kwa mamake kila Jumapili na kupiga hodi mlangoni, na tangu siku ile mama hajamwitikia.