Ukuta Ulioita Watu

Ndugu zangu, sogeeni niwasimulie yaliyompata Fransis Nandonde, fundi samani wa Mbagala, mchana kweupe, jua likiwaka.

Asubuhi ile mtaa ulikuwa shwari. Fransis alikuwa peke yake ndani ya ukuta wake mrefu, akinywa chai barazani. Mkewe alikuwa amesafiri kwenda Newala. Nje, majirani walipita na madumu matupu, kwani maji ya bomba hayakuwa yametoka kwa siku tisa. Yeye alikuwa na kisima chake na tangi la zege chini ya ardhi.

Geti likagongwa. Alikuwa Monica, mjane wa nyumba ya pili, mtu mzima kuliko yeye. Fransis hakumwamkia.

“Fransis, tugawie hata ndoo mojamoja. Kuna watoto wanaharisha huku.”

“Mie nilikuja mji huu mikono mitupu,” alijibu. “Hakuna aliyenibeba. Na nyie jitumeni, mchimbe chenu.”

Monica akageuka, akaondoka. Alipofika mjini, miaka mitatu Fransis alilala kwenye baraza ya mama huyo, akala kwake, na wateja wake wa kwanza aliletewa na yeye. Hayo aliyasahau kwa makusudi, maana kuyakumbuka kungemlazimu kufungua geti.

Saa sita aliwasha pampu, akaona boya la tangi, lile la kuzuia maji yasifurike, limekwama. Akashuka kulirekebisha. Ngazi ikateleza, akaanguka na kuzimia. Alipozinduka, mguu ulikuwa umevunjika, maji yako kifuani, na pampu bado inaleta mengine.

Akapiga kelele. Sauti ilizunguka kwenye zege ikamrudia nzito, kama ya mtu asiyemjua, kisha ikatokea uchochoroni kupitia bomba la kumwagia maji yanayozidi, lililotokeza ukutani. Akasikia nyayo zikisimama, na sauti ya Nurdin, kijana wa jirani.

“Nurdin,” aliita. “Nurdin, nisaidie.”

“Ukuta umetaja jina langu,” alisema Nurdin kule nje, taratibu.

“Usiitike,” mwenzake alimwambia. “Twende.”

Wakapita majirani wengine. Akamwita Ismail. Akamwita Yuliana. Kila jina alilotaja, nyayo zilikimbia. Kisha pakawa kimya, maji yakamfika kidevuni, yakipanda bila haraka.

“Dada Monica,” alisema mwishowe. Hakuwa amemwita hivyo kwa miaka kumi na tano.

Mtu akakohoa karibu kabisa na bomba. “Nani ananiita dada?”

“Mie Fransis. Nakufa humu, dada.”

Monica akawaita vijana, nao waliogopa mpaka yeye alipotangulia getini. Wakavunja geti, Nurdin akazima pampu, Ismail akashuka kwa kamba. Wakamtoa midomo imekuwa myeupe.

Majirani walisimama na madumu yao, wakitazama tangi lililojaa, na macho yale yalimtisha Fransis kuliko maji.

“Choteni,” alisema.

Hakuna aliyesogea.

“Nilidanganya,” akasema tena, akilia. “Dada huyu alinilisha miaka mitatu. Choteni, tafadhali.”

Monica akachota wa kwanza.

FUNZO

Hakuna aliyeinuka peke yake. Uongo huo una kazi yake: humfanya aliyenacho afunge geti bila aibu, na asiyenacho aamini kwamba shida yake ni uvivu. Hivyo pengo linazidi kupanuka baina ya majirani. Ukimsikia mtu akijisifu kwamba hakusaidiwa, muulize alilala kwa nani siku ya kwanza.