Shawa ya Umeme na Maji ya Chumvi

Festus na mkewe Tryphena wanaishi Voi. Festus ni muuzaji katika duka la mbegu, na Tryphena hushona sare za shule nyumbani. Bafu lao lilikuwa dogo sana. Ukinyoosha mikono, unagusa kuta zote mbili. Sakafu ilikuwa imepasuka, na maji yalituama pembeni.

Mwaka huu mama yake Festus, Wakesho, aliumia nyonga kule Mgange, akaja kukaa nao. Kila asubuhi Tryphena alimchemshia maji, akambebea ndoo mpaka bafuni. Siku moja mama aliteleza. Hakuanguka, lakini Festus alisema, "Hili bafu tulitengeneze sasa."

Wakamwita Mutinda, fundi wa vigae. Alivunja sakafu, akaimwaga upya kwa mteremko ili maji yatoke vizuri. Akaweka vigae visivyoteleza, na chuma cha kushikilia ukutani. Kazi ilipendeza. Festus akanunua pia shawa ya umeme, ya kupasha maji moto.

"Hii nayo unaweza kufunga?" akamuuliza Mutinda.

"Hizo ni waya tu. Naweza."

Mutinda akachukua umeme kutoka kwenye waya wa taa, akaifunga.

Jumamosi alasiri, Wakesho alikaa kwenye kiti nje ya bafu, akingoja kuoga. Sebuleni alikuwepo jirani yao Khairat, amekuja kuchukua sare ya mwanawe. Khairat ni mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi.

Tryphena alitangulia kupima maji. Alivua ndara, akawasha shawa, akashika mfereji.

Hakupiga kelele. Alitoa sauti kama mtu aliyepaliwa. Mkono uliganda kwenye mfereji, na mwili wote ukatetemeka. Festus akamkimbilia.

"Usimguse!" Khairat alisema nyuma yake. "Utanaswa nawe. Kazime umeme wote kwenye mita."

Festus akageuka, akakimbia, akashusha swichi kubwa. Tryphena akaanguka. Alikuwa anapumua. Kiganjani alikuwa ameungua. Wakesho alikuwa amesimama mlangoni bila mkongojo wake.

"Niko sawa," Tryphena alisema baadaye, lakini meno yalikuwa yakigongana.

"Hata kama wajisikia sawa, twende hospitali," Khairat alimwambia. "Umeme huweza kuvuruga moyo, na mtu asijue."

Daktari alimpima moyo, akamlaza mpaka kesho yake.

Tryphena aliporudi nyumbani, umeme ulikuwa bado umezimwa. Khairat aliifungua ile shawa mbele yao.

"Lakini ni mpya," Festus alisema. "Nimeitoa kwenye kartoni mwenyewe."

"Ni mpya, ila ni ya maji matamu. Sisi hapa twatumia maji ya kisima, yana chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme zaidi, na hula vyuma vya ndani upesi. Ziko shawa za maji ya chumvi. Huandikwa kwenye kartoni."

Kisha akawaonyesha waya wa kijani na manjano. Ulikuwa umekatwa.

"Huu hupeleka ardhini umeme unaovuja. Usipokuwepo, umeme hupita kwa mtu."

Festus akakaa chini, juu ya vigae vipya. "Angeingia mama," alisema polepole. "Angeshika mfereji kwa mkono mmoja, na kile chuma kwa mwingine."

Wakampigia Mutinda simu. Alipofika na kusikia, uso ulimbadilika.

"Ule wa kijani niliona hauna pa kwenda," alisema. "Nikaukata." Kisha akasema, "Kuna nyumba nyingine niliyofunga shawa hivyo hivyo. Kwa Immaculate, kule Marungu. Ana mtoto mchanga."

Festus alichukua namba, akapiga.

"Immaculate, shusha swichi kubwa ya mita. Usiingie bafuni. Tunakuja."

Walipofika, Khairat aliurudisha umeme, akagusisha kipimo chake kwenye mfereji. Taa yake ndogo ikawaka. Akauzima tena.

Immaculate alimkumbatia mtoto kwa nguvu. "Leo asubuhi nilihisi kama sindano vidoleni," alisema. "Nilidhani ni maji kuwa moto."

"Hiyo ndiyo dalili," Khairat akasema. "Ukihisi sindano kwenye maji, toka, zima umeme, na uite fundi wa umeme mwenye leseni."

Fundi kama huyo alizifanyia kazi nyumba zote mbili. Alivuta waya mnene kutoka kwenye mita mpaka kwenye shawa. Alifunga waya wa ardhini, na kifaa kinachokata umeme chenyewe ukivuja. Swichi akaiweka nje ya bafu. Shawa zilinunuliwa nyingine, za maji ya chumvi, na Khairat akazipima kabla mtu hajaoga.

Siku hiyo Wakesho aliingia bafuni peke yake, akafunga mlango. Alikawia sana. Tryphena, mkono ukiwa bado na bendeji, hakuweza kuvumilia. Akabisha.

"Mama, uko salama?"

"Niache," Wakesho alijibu kutoka ndani. "Maji ni mazuri. Bado sijamaliza."