Sindano ya Mzee Burito

Mitumba ilikuwa imeruhusiwa kuingia nchini, na sokoni Bunda wanawake walikuwa wameinamia marobota kama wanapalilia. Ursula alivuta mkono mmoja wa blauzi ya njano. Mama mmoja akavuta wa pili.

"Msinichanie mali!" alicheka muuzaji, kijana mrefu mwenye shati la bluu lililofunguliwa vifungo vya juu. "Mwachie sista, mama. Akikasirika anachomaga watu sindano."

"Nani kakwambia mimi ni nesi?"

"Viatu vyeupe kwenye vumbi hili! Ni nesi au malaika, na malaika hawagombaniagi blauzi."

Ursula, binti wa Bukima asiyechekeshwa ovyo, alicheka. Kijana aliitwa Machage, alikuwa amepanga chumba mtaa wa Manyamanyama, na haikuchukua muda akawa anampigia simu kutoka posta mpaka ofisini kwa matroni.

"Haloo, nina homa ya Ursula."

"Meza klorokwini ulale."

"Inaniwashaga."

"Basi jikune, mpenzi. Kata simu, matroni anakuja!"

Wakakubaliana kuoana. Kabla Machage hajawaambia wazazi, baba yake, Mzee Burito, alishikwa na kifua. Machage akamleta kutoka Butiama hadi hospitali aliyofanyia kazi Ursula. Daktari akaandika sindano ya penisilini.

"Ndiye baba," Machage alinong'ona mlangoni. "Hajui kama wewe ni mkwe wake. Mhudumie vizuri."

Ursula alijua kazi yake. Kabla ya penisilini unamuuliza mgonjwa kama iliwahi kumdhuru na amemeza dawa gani. Ukishachoma, unamkalisha umtazame. Lakini alikolelewa, mwanamke hamtazami baba mkwe usoni, sembuse kumhoji habari za mwili wake. Haya ikamkaba. Angeweza kumpisha mwenzake Pelagia, aliyekuwa chumba cha pili. Hakutaka. Alitaka mzee auone mkono wake ulivyo mwepesi. Akachoma kimya, bila kuinua macho.

Mzee alikuwa bado anafunga koti alipoanza kujikuna shingo. Midomo ikavimba, pumzi ikapiga filimbi, miguu ikamlegea.

"Pelagia! Adrenalini!"

Walimlaza chini, wakamchoma dawa ya kumwokoa, na Ursula akashika mkono wake mpaka mapigo yaliyokuwa yanapotea yakarudi.

"Kaniokolea baba!" Machage aliitangazia Bunda nzima, na uchumba ukatangazwa humo humo. Kutoka Butiama akaja jogoo, kisha unga wa ulezi, kisha salamu za mama mkwe: binti huyu hatumwachi. Ursula hakuweza kumchinja yule jogoo. Kila sifa ilimchoma. Mwishowe aliomba likizo, akaenda kujificha kwa shangazi yake Kamunyonge, Musoma, bila kuaga.

Machage alimfuata huko, macho mekundu.

"Wanasema umepata tajiri wa kuvua sangara."

"Hakuna mwanaume."

"Basi ni nini? Jogoo wetu alikuwa mdogo?"

"Machage, mimi ndiye niliyekaribia kumuua baba yako. Sikumuuliza kitu. Niliona aibu, halafu nikataka sifa."

Machage akautoa mkono wake mkononi mwa Ursula.

"Kuna sindano ilimvimbishaga tangu ujana. Nyumbani hata watoto wanajua. Ungeniuliza hata mimi! Nilikuwa mlangoni!"

"Najua."

"Hii utamwambia mwenyewe. Mimi siwezi kukubebea."

Kule Butiama, Ursula alipiga magoti, uso kaugeuzia ukutani, akasema yote. Mama mkwe alishika kichwa. Mzee Burito alikohoa kidogo.

"Mimi nimepona, unaniona. Je, wa kesho atapona?"

"Sijui, baba."

"Basi kamwambie mkubwa wako. Ukishasema, ndipo tutaongea mahari."

Ursula alirudi Bunda akasema. Daktari mkuu akamtoa chumba cha sindano, akamweka kuchemsha vyombo vya sindano. Mjini wakasikia. Mama mmoja alimwona tu akambeba mwanawe akaondoka. Machage hakupiga simu, na Ursula hakumlaumu.

Aliporudishwa kwenye sindano, aliuliza kila mtu, mkwe au mgeni, hata foleni ikanung'unika, "Nesi huyu anahoji kuliko polisi!"

Mchana mmoja Machage alitokea kwenye foleni hiyo, shati limepigwa pasi.

"Unaumwa nini?"

"Baba kanituma niulize kama bado unanitaka."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi nilikasirika. Hata sasa bado kidogo. Lakini nikisikia viatu vya mwanamke sokoni nainua kichwa."

"Kila nikishika sindano namwona baba yako pale sakafuni, Machage. Haitoki."

"Isitoke. Utakuwa nayo ukiwa kwangu. Kubali nikuoe."

Ursula alimtazama machoni.

"Kuna chochote kiliwahi kukudhuru?"

"Kipo. Ulivyoondoka bila kuniambia."

"Sitakimbia tena."

"Hilo si jibu, sista!" alipaza sauti bibi mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Mjibu, na sisi tuchomwe!"

"Nimekubali," alisema Ursula.

Akachukua bomba la sindano, akaona mikono yake inatetemeka. Akaliweka chini, akamwita Pelagia aje amchomee anayefuata.