Mrithi wa Matangazo

"Umebonyeza nini, Kaka?"

"Nilichotaka. Kidato cha pili utanifundisha kazi?"

"Binti wa marehemu alisema matangazo yake yafutwe yote. Alisema asipewe mtu!"

"Binti yake anajua nini zaidi ya kushona vifungo? Nenda kachemshe chai."

Sikwenda. Ilikuwa saa tano na nusu, jua limejaa chumbani. Kaka yangu aliwatengenezea watu tovuti kwa programu ya bure ambayo yeyote anaweza kuipakua, halafu akajigamba kana kwamba ameibuni yeye. Picha nilipanga mimi, maneno niliandika mimi, mimi niliyeishia kidato cha pili. Yeye alibonyeza na kudharau. Kaka alimwita mwalimu mkuu Chaki. Yule bibi aliyeandika matangazo ya vifo vya mtaa wetu kwenye tovuti tuliyomtengenezea, alimwita Mama Tanzia, akamwigiza alivyoandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi. Hata bibi alipokufa, hakuacha kumcheka.

Mtaani walinong'ona kwamba bibi alikuwa na tangazo lako tayari kabla hujaugua. Kaka akasema mtaa mzima ni mbumbumbu.

Ukifuta akaunti ya mwandishi, programu hukuuliza: maandishi yake yafutwe, au apewe nani? Kaka aliwataka wasomaji wa bibi, ili amkabidhi mteja wake, seremala wa majeneza, tovuti iliyokwisha kuzoeleka. Akachagua jina lake mwenyewe. Matangazo yote ya bibi yakawa yake.

"Mawili bado hayajatoka," nikamwambia. "Yamepangiwa saa. Hili ni la leo, saa sita."

Lilikuwa la fundi cherehani wa chini ya dirisha letu. Tulimsikia akipiga mluzi.

Kaka akacheka hadi akakohoa. Akatoa kichwa dirishani. "Fundi! U mzima?"

"Mzima kuliko wewe, mvivu!"

"Unaona? Bibi kachanganyikiwa hata kaburini."

"Basi lifute, Kaka. Nakuomba."

"Nilifute ili nifanane na nyinyi mbumbumbu?"

Saa sita kamili mluzi ukakatika katikati. Cherehani ikazunguka kidogo, ikasimama. Kisha mkewe akapiga yowe.

Kaka hakugeuka. Alikuwa akikodolea macho kioo cha kompyuta. Tangazo la fundi lilikuwa limetoka, na chini yake: limeandikwa na Kaka.

"Fungua la pili," nikanong'ona.

Lilikuwa na neno moja tu, Marehemu, na saa: sita na nusu. Baada ya neno hilo palikuwa patupu.

Halafu herufi ikatokea.

"Siigusi," Kaka akanong'ona. Mikono yake ilikuwa juu, kama mtu aliyeshikiwa bunduki.

Herufi nyingine. Ikakawia dakika kadhaa. Nyingine. Ya nne ilipotokea nilijua ni jina lake.

Akafuta. Likarudi. Akafuta tena, kwa vidole kumi. Likarudi. Safari hii mwandishi hakuwa Kaka. Lilikuwa jina la bibi. Nilitafuta akaunti yake kwenye orodha. Haikuwepo.

"Zima," nikamwambia.

Akachomoa waya. Kioo kikawa cheusi.

Hodi ikapigwa. Saa ya ukutani ilisema sita na dakika thelathini na moja. Nilikwenda kufungua, na nyuma yangu nikasikia kibodi. Si vidole kumi. Kidole kimoja, taratibu, kikitafuta kila herufi.

"Kaka?" nikaita bila kugeuka.

Kibodi haikusimama.

Nikafungua. Alikuwa seremala, kofia kifuani, futi ya kupimia mkononi.

"Pole, binti. Nimesoma tangazo sasa hivi. Kaka yako ana urefu gani?"