Kikwembe cha Kuazima

Siku za Zaïre, Jumapili ya Kapata ilikuwa na harufu yake. Ilinukia bukari, yaani ugali, na samaki, sabuni ya kufulia, na vumbi jekundu lililonyunyiziwa maji ili litulie. Kapata ni mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, nje kidogo ya Kolwezi. Nyumba zilijengwa kwa mistari, zote sura moja, hata mlevi aliweza kuingia kwa jirani, akavua viatu na kuuliza chakula kiko wapi. Asubuhi watu walisali, mchana walikula. Jua likianza kupoa, kila mtu alibeba kiti chake kwenda uwanjani kuangalia Trupe Mapendo, kundi letu la maigizo.

Televisheni zilikuwa chache. Mchezo wa trupe ndio uliotuchekesha, ndio uliotupa habari, na mara nyingine ndio uliotutibu. Nani leo anabeba kiti kichwani kwenda kucheka na jirani?

Ndaya alikuwa mkuu wa mafundisho wa trupe hiyo. Mume wake, Kisimba, alichimba shaba kwenye mgodi wa Mashamba. Yeye Ndaya alichimba maneno. Wachezaji walikuwa na kazi ya kuchekesha. Ndaya alikuwa na kazi ya kuona kwamba mtu akisha kucheka anarudi nyumbani na kitu cha kumsaidia. Aliingia mashuleni. Alizungumza na akina mama kwenye robine, bomba la maji la mtaa, pale walipopanga ndoo zao. Aliipenda kazi ile sana, na hakuficha.

Trupe haikuwa na nguo za mchezo. Kwa hiyo Jumamosi, salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, ikiisha na watu wakisha kuweka fagio chini, Ndaya alipita nyumba kwa nyumba akiazima. Kwa huyu koti, kwa yule kofia, kwa mama fulani kikwembe, kitenge cha kujifunga. Watu walitoa kwa furaha. Siku ya mchezo kila mmoja alitafuta nguo yake kwa macho.

"Ona, ile suruali ni ya bwana yangu," mama mmoja angesema.

"Inamufaa Kazadi kuliko bwana yako," mwingine angejibu, na mstari mzima ungecheka.

Mwaka mmoja mvua zilikuja na kuhara. Watoto wengi waliugua. Muuguzi wa dispensari, Mama Henriette, akamwita Ndaya. Kwenye kadi yake ya uraia alikuwa na jina la Kiafrika, kama serikali ya siku zile ilivyotaka, lakini Kapata nzima ilimwita Henriette tu.

"Bamama banafika hapa na batoto bakavu," alisema. "Mutoto akianza kuhara, banamunyima mayi. Tunga mchezo, Mama Ndaya. Weye, bamama banakusikia."

Ndaya akatunga haraka. Kazadi, mchekeshaji wa trupe, angecheza mama mjinga anayemnyima mtoto maji. Mwanaume aliyevaa kama mwanamke huchekesha hata kabla hajafungua kinywa. Kilichokosekana ni kikwembe.

Ndaya akaenda kwa jirani yake Asia, aliyeitwa Mama Zena kwa jina la binti yake. Mume wake, Alfani, aliendesha lori kati ya Kolwezi na Fungurume. Walikuwa Waislamu wenye asili ya upande wa Kasongo. Mvua za mwaka uliopita, Asia alimzika mtoto wake wa kiume, Aruna. Kuhara ndiko kulikomchukua. Ndaya alilala msibani pamoja naye na kulia naye.

"Mama Zena, niazime kikwembe kimoja ya mchezo," Ndaya alisema.

"Chukua kile kizuri," Asia akajibu. Akatoa kikwembe cheusi chenye ndege wa manjano, zawadi ya Alfani. Kapata nzima hapakuwa na kingine kama kile. "Uwanja wote ujue trupe iko na bantu ya kuiheshimu."

Hakuuliza ni cha kuvaliwa na nani. Ndaya naye hakusema. Kichwa chake kilijaa mchezo, na hakufikiria zaidi ya hapo.

Jumapili ikafika. Kazadi akatoka amejifunga kikwembe, amejaza matambara kifuani. Akamshika mtoto wa kitambaa na kumfokea.

"Unahara, halafu unataka mayi? Ukinywa utatoa tena. Leo hata tone hapana."

Uwanja ulicheka mpaka viti vikayumba. Kisha sauti ya mtu ikatoka nyuma: "Ile kikwembe ni ya Mama Zena. Ni yeye ule."

Kicheko kikaongezeka. Watu wakageuka kumtazama Asia. Ndaya alikuwa amesimama kando ya jukwaa. Alimwona Asia akiinuka, akichukua kiti chake, akimshika Zena mkono na kuondoka bila kutazama nyuma.

Mchezo uliendelea. Mwisho, muuguzi wa mchezo alisema maneno yote ya kweli kuhusu maji, na watu wakapiga makofi. Ndaya hakusikia hata neno.

Kesho yake alifua kikwembe, akakipiga pasi na kukirudisha. Asia alikuwa anachambua mchele.

"Weka pale," alisema.

"Mama Zena, nilikuwa nataka—"

"Nimesema weka pale."

Tangu siku ile Ndaya alipiga hodi bila kujibiwa. Wanawake wawili waliokuwa wanapeana moto wa mbabula, jiko la makaa, kila asubuhi sasa walipishana kama wageni. Jambo lile lilimuuma Ndaya sana. Akajitia moyo kwamba muda utaponya.

Wiki chache baadaye, alasiri moja, Ndaya alikuwa anaanua nguo. Akatazama kamba ya jirani. Nguo za Zena zilijaa kamba yote. Asubuhi zilikuwa zimeanikwa, mchana zikaanikwa nyingine, na sasa tena zilikuwa mbichi. Zena mwenyewe hakuonekana nje kucheza. Ndaya alielewa mara moja: mtoto anahara. Akavuka uzio.

"Mama Zena, mutoto iko namna gani?"

"Akuna kitu," Asia akajibu kutoka ndani. "Enda kwako."

"Umemupeleka ku dispensari?"

"Nimupeleke bantu bacheke tena? Enda."

Ndaya aliacha nguo zake kwenye uzio, akakimbia hadi dispensari na malapa yake mkononi. Alimkuta Mama Henriette anafunga dirisha. Akamweleza yote: kikwembe, kicheko, nguo mbichi. Henriette alichukua mfuko wake na wakaanza kutembea haraka.

"Mbele ya kutunga mchezo, uliuliza bamama?" Henriette aliuliza njiani.

"Niulize nini?"

"Juu ya nini banakatazaka mayi."

"Hapana. Nilijua ni ujinga."

"Siyo ujinga, Mama Ndaya. Mama anaona mayi inaingia, mayi inatoka. Anafikiri akizuia kuingia, kutoka kutaisha. Iko na sababu yake. Ungemuuliza, angekuambia, na mchezo ungeanzia pale. Sasa umemucheka. Mutu mwenye kuchekwa anafunga mulango, na mutoto anabakia ndani."

Ndaya alikaza mwendo. Kuuliza si ujinga, wazee wanasema, na yeye aliyelipwa kufundisha hakuwa ameuliza. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma.

Walipofika, Henriette akamsukuma mbele. "Anza weye. Miye sikumukosea."

Ndaya akakaa chini, mbele ya mlango wa Asia, kwenye vumbi.

"Mama Zena, nilikukosea. Nimekuja kuomba musamaha."

Asia akafungua mlango nusu.

"Ulilia na miye Aruna," alisema. Sauti yake ilikuwa chini. "Ulijua. Halafu ukakuja kuniomba kikwembe, nikakupa kile kizuri. Ukamuvalisha Kazadi kilio yangu, bantu bakacheka."

"Ndiyo, njo vile," Ndaya akasema, machozi yanamtoka. "Akuna neno ya kujitetea. Nichukie miye. Lakini acha Mama Henriette aingie."

Ndani, Zena alilia. Kilikuwa kilio chembamba, kisicho na nguvu. Asia aligeuka kumtazama mtoto, akarudi kuwatazama wanawake wawili mlangoni. Akausukuma mlango ukafunguka wote.

"Ingieni."

Zena alikuwa amelala kwenye mkeka. Macho yalikuwa yameingia ndani. Henriette alifinya ngozi ya tumbo taratibu, na ngozi ikachelewa kurudi.

"Anakojoa?"

"Tangu asubuhi hapana."

"Analia pasipo machozi. Mayi inamuisha mu mwili. Mama Zena, unapika maharagi. Mayi inapunguka mu chungu. Unafanya nini?"

"Minaongeza."

"Juu ya nini?"

"Juu isiungue."

"Mutoto njo vile. Kuhara kunamupunguza mayi. Usipoongeza, anaungua ndani."

Asia alimtazama mtoto. "Lakini atatoa yote," akasema.

"Atatoa mingi, na kidogo itabakia. Ile kidogo njo inamuokoa. Utamupa tena na tena."

Henriette alitaka maji yaliyochemshwa na kupozwa. Asia alikuwa nayo kwenye birika. Henriette akapima lita moja. Akatia vijiko sita vidogo vya chai vya sukari, kila kimoja kimesawazishwa juu. Kisha nusu ya kijiko kile kile cha chumvi, bila kuzidisha. Akakoroga, akaonja.

"Isishinde machozi kwa chumvi," alisema. "Ikishinda, mwaga, anza upya. Sasa mupe weye, mama yake. Kijiko moja, ngojea kidogo, kijiko ingine. Akitapika, pumzika, halafu rudilia. Na chakula usimukatalie. Akikataa kunywa, ao damu ikitoka, mubebe mbio ku dispensari, hata kama ni usiku."

Asia alimpakata mtoto na kuanza. Ndaya alichemsha maji mengine kwenye mbabula. Alasiri ilipita hivyo, kijiko baada ya kijiko. Jua lilipokuwa linazama, Zena akamlowesha mama yake mapajani. Henriette akacheka kwa furaha, maana mkojo ule ulikuwa habari njema. Baadaye kidogo mtoto akafungua macho vizuri na kuuliza bukari iko wapi.

Asia alimkumbatia, na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika.

"Basi Aruna naye ningemupa mayi."

"Akuna mutu alikuambia," Henriette akasema, akamshika mkono. "Siyo kosa yako."

Ndaya alilia pia. Hakuna aliyemfukuza.

Siku iliyofuata Kazadi alifika na kuku mzima chini ya kwapa, kuomba msamaha kama desturi inavyotaka. Asia alimtazama yeye na kuku wake.

"Acha kuku hapa, siye tutakula," akasema. "Lakini mchezo muucheze tena. Na safari hii miye pia nitasema."

Kuanzia hapo Ndaya alibadili kazi yake. Kabla ya kutunga mchezo, alikaa uani na akina mama na kuwauliza: mnafanya nini, na kwa sababu gani? Akija kuazima nguo, alimwambia mwenyewe nani ataivaa na atafanya nini nayo. Na trupe ilicheka ugonjwa, ilicheka mbu na nzi na wakubwa wenye majivuno, lakini mama mwenye msiba haikumcheka tena. Mvua za mwaka uliofuata, akina mama walichemsha maji nyumba kwa nyumba. Dispensari ilipokea watoto wa kuhara mapema, wakiwa na nguvu bado. Kapata haikuzika watoto kama zamani.

Trupe Mapendo haipo tena. Uwanja umejengwa, wachezaji wametawanyika, Kazadi ametangulia mbele ya haki. Ndaya amezeeka, na magoti hayamtii. Wajukuu wakimuuliza ni mchezo gani aliupenda kuliko yote, hawatajii ule uliochekesha zaidi. Anawasimulia Jumapili moja mvua zilipokuwa zinaisha, mchezo wa kuhara ulipochezwa mara ya pili.

Siku ile Kazadi alisimama katikati ya mchezo, mtoto wa kitambaa mikononi. Hakufoka. Aliuliza uwanja: "Mutoto yangu anahara. Minamupenda. Nifanye nini?"

Ndipo Asia akainuka kwenye kiti chake, akatembea mpaka mbele, na birika mkononi.

"Nilikuwa na mutoto, jina yake Aruna," alisema. "Aliniomba mayi. Nilimunyima juu nilimupenda, nilifikiri njo ya kumuponya. Zena naye akagonjwa. Yeye nilimupa. Muko munamuona pale."

Ndaya alisimama kando ya jukwaa, mikono imefumbatana, akiogopa kicheko kimoja tu.

Kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama, katikati ya viti.

"Mama Zena," akauliza, "sukari ni bijiko ngapi?"

Asia akainua mikono yake juu, akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, ili hata waliokaa nyuma waone.